Kama, La Sivyo na Vinginevyo: Historia ya Kauli za Sharti katika Violezo vya Wavuti, Ikitazamwa Kutoka Mpaka wa Gisenyi

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya kauli za sharti katika violezo vya kurasa za wavuti, kuanzia misingi iliyowekwa miaka ya 1960 hadi lugha za violezo zilizoenea baada ya mwaka 2000. Swali linaloongoza uchunguzi ni hili: lugha mpya inapoongezwa katika nchi, ukurasa ulioandikwa kwa muundo wa "kama... la sivyo" humpeleka wapi msomaji wa lugha hiyo? Mji wa Gisenyi, katika Wilaya ya Rubavu nchini Rwanda, umechukuliwa kuwa mahali pa kulipimia swali hilo. Inadaiwa kwamba uchaguzi wa kauli ya sharti huamua ni msomaji yupi anayetajwa kwa jina ndani ya ukurasa na ni yupi anayeachwa kuwa salio.

Utangulizi

Gisenyi iko kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Kivu, na nyumba zake zimegusana na zile za Goma, upande wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Vizuizi viwili ndivyo vinavyoitenganisha miji hiyo: Petite Barrière, wanakopita wachuuzi na watembea kwa miguu kwa maelfu kila siku, na Grande Barrière iliyo karibu na ziwa. Ni katika mji huu ambapo mkataba wa kuunda Jumuiya ya Kiuchumi ya Nchi za Maziwa Makuu, CEPGL, ulitiwa saini tarehe 20 Septemba 1976 na Burundi, Rwanda na nchi iliyokuwa ikiitwa Zaire, na makao ya jumuiya hiyo yakawekwa hapo hapo. Kiswahili si mgeni Gisenyi. Kilikuja na askari, makarani na wafanyabiashara wa enzi ya Wajerumani, kikabaki sokoni na mpakani chini ya utawala wa Wabelgiji hata pale shule na ofisi zilipokuwa na lugha nyingine, na kila siku hulishwa upya na wale wanaovuka kutoka Goma.

Hadhi ya kisheria ya lugha nchini Rwanda imebadilika kwa hatua zinazohesabika. Baada ya uhuru wa mwaka 1962 lugha rasmi zilikuwa mbili, Kinyarwanda na Kifaransa. Mwaka 1996 Kiingereza kiliongezwa, na Katiba ya mwaka 2003 ikazithibitisha zote tatu. Rwanda ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na mwaka 2017 Bunge likapitisha sheria iliyokifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya nne. Kwa mwanahistoria wa sera za lugha, hizo ni tarehe za kawaida. Kwa mtengenezaji wa tovuti, ni mfululizo wa mabadiliko ya hesabu: mbili, tatu, nne.

Karatasi ilikuwa imeipatia hesabu hiyo jibu lake. Gazeti Rasmi la Rwanda lilizoea kuchapa sheria kwa safu, Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa zikisimama bega kwa bega katika ukurasa mmoja. Safu haina sharti ndani yake. Msomaji ndiye anayechagua kwa jicho lake, na lugha asiyoisoma inaendelea kuwapo mbele yake. Kioo cha simu hakina upana huo. Ukurasa wa wavuti, ukitaka kusomeka katika simu ya mchuuzi, hulazimika kuonyesha lugha moja na kuzificha nyingine. Mtu fulani, mahali fulani, huwa ameandika kauli inayofanya uamuzi huo kabla msomaji hajafika.

Kutoka kwa McCarthy hadi kwenye ukurasa

Kauli ya sharti tunayoiona leo kuwa jambo la kawaida ilihitaji kubuniwa. Katika makala yake maarufu ya mwaka 1960 kuhusu LISP, John McCarthy aliiandika kama orodha ya jozi: sharti na thamani yake, kisha sharti jingine na thamani yake. Mashine huzipitia jozi kwa mpangilio na kusimama kwenye sharti la kwanza lililo kweli. Jambo ambalo mara nyingi halitajwi ni kwamba, kwa maelezo ya McCarthy, kama hakuna sharti hata moja lililo kweli, usemi mzima hauna thamani. Aliyetaka tawi la mwisho la kuwapokea waliobaki ilimbidi aliandike mwenyewe, kwa sharti ambalo daima ni kweli. ALGOL 60, iliyotoka wakati huo huo, ilieneza umbo lililo jepesi zaidi kwa mkono wa mwandishi, lenye tawi la "ndiyo" na tawi la "la sivyo". Kisha mwaka 1966 Niklaus Wirth na Tony Hoare walieleza lugha ambayo baadaye iliitwa ALGOL W, ikiwa na kauli ya kuchagua tawi moja kati ya mengi kwa kutumia thamani moja. Kwa hiyo, miaka ishirini na mitano hivi kabla ya wavuti, maumbo makuu yote yalikuwa yameshapatikana.

Wavuti uliyarithi kwa fujo. Rasmus Lerdorf alipotoa PHP mwaka 1995, kauli ya sharti iliwekwa katikati ya maandishi ya ukurasa, na watu wasiojiona kuwa watunga programu wakaanza kuandika sharti: makarani, waandishi wa habari, wanafunzi. Kiolezo kilikuwa kimekwisha kuwa programu, ingawa hakikuitwa hivyo.

Hatua iliyo na mafunzo mengi zaidi ni ile ya XSLT 1.0, iliyopitishwa na W3C mnamo Novemba 1999. Lugha hiyo ilitoa kauli mbili za sharti na kuzitenganisha kwa makusudi. Ya kwanza, xsl:if, ina tawi moja tu. Haina "la sivyo" kabisa. Ya pili, xsl:choose, hubeba matawi kadhaa ya xsl:when na, akitaka mwandishi, tawi la mwisho la xsl:otherwise. Watumiaji wengi waliolelewa na PHP walilalamika kuhusu upungufu huo, lakini Mswahili hana sababu ya kushangaa. Kiambishi -ki- hufanya kazi ile ile: "ukivuka, utaonyesha kitambulisho" haisemi lolote juu ya asiyevuka. Anayetaka kusema juu yake hutunga sentensi nyingine.

Ugumu ulijitokeza pale waandishi walipotaka kupata "la sivyo" kwa njia ya mkato, yaani kwa kuandika xsl:if mbili zinazokanushana. Ukurasa wa lugha mbili ungekuwa hivi:

kama lugha ni "rw", onyesha Kinyarwanda
kama lugha si "rw", onyesha Kifaransa

Mistari hiyo ilikuwa sahihi katika nchi ya lugha mbili. Ongeza Kiingereza, uandike mstari wa tatu, "kama lugha ni en, onyesha Kiingereza", na msomaji wa Kiingereza atapata matini mbili kwa pamoja, kwa sababu "si rw" inamhusu yeye pia. Kauli ya kukanusha haikuwa ikimaanisha "Kifaransa" hata siku moja. Ilimaanisha "wengine wote", na kwa muda fulani wengine wote walikuwa wasomaji wa Kifaransa. Aliyetumia xsl:choose tangu mwanzo, akaitaja kila lugha kwa jina lake, alihitaji kuongeza mstari mmoja tu.

Django, iliyotolewa kwa umma mwaka 2005, ilianza na umaskini wa aina yake. Kauli yake ya kama iliweza kuuliza iwapo kitu kipo au hakipo, lakini kulinganisha vitu viwili kulihitaji kauli ya pekee, ifequal, na kinyume chake, ifnotequal. Ulinganishaji uliingizwa ndani ya kauli ya kawaida katika toleo la 1.2 mwaka 2010. Tawi la kati, elif, likaja katika toleo la 1.4 mwaka 2012. Na kauli zile mbili za zamani zikaondolewa kabisa katika toleo la 4.0 mwishoni mwa mwaka 2021. Kabla ya mwaka 2012, basi, kiolezo cha Django cha lugha nne kilikuwa na sharti ndani ya sharti ndani ya sharti, na Kiswahili, kwa kuwa lugha iliyokuja mwisho, kingewekwa mahali pa ndani kabisa, ambapo kosa dogo la kufunga kauli huonekana kwa shida.

Tawi la mwisho

Sasa litazamwe tawi lenyewe la mwisho. Katika kiolezo cha lugha tatu, mwandishi mwenye haraka huandika hivi:

kama lugha ni "rw", Kinyarwanda
au kama lugha ni "fr", Kifaransa
la sivyo, Kiingereza

Hapa Kiingereza hakikutajwa kwa jina lake. Kimepewa nafasi ya salio, na kwa nafasi hiyo kimepata wasomaji ambao hawakukiomba: anayeandika sw, anayeandika ln kwa Kilingala, na yule ambaye kivinjari chake hakikutaja lugha yoyote. Ni heshima ya ajabu, kwani lugha isiyotajwa ndiyo yenye milki kubwa kuliko zote. Mpangilio huo hauna hila. Hutokana na uvivu wa kawaida wa kuandika. Hata hivyo, matokeo yake kwa msomaji wa Petite Barrière hayatofautiani na ya sera iliyokusudiwa.

Tatizo halimalizwi kwa kuongeza tawi la nne lenye "sw". Kiswahili kinachozungumzwa Goma kina alama zake. Katika kiwango cha ISO 639-3, Kiswahili ni lugha kuu inayojumuisha swh, Kiswahili cha pwani, na swc, Kiswahili cha Kongo. Na kivinjari kinaweza kujitambulisha kwa alama ya sw-CD, ambapo herufi mbili za mwisho ni za nchi. Kauli inayouliza iwapo lugha ni sawasawa na "sw" hujibu "hapana" mbele ya sw-CD. Msomaji huyo huteremka matawi yote, akipita tawi lililoandikwa kwa ajili yake, hadi kwenye salio. Mswahili anakataliwa kwa kuwa amejieleza kwa ukamilifu zaidi.

Wataalamu wa viwango walilijua jambo hili mapema, ingawa si kutoka Gisenyi. XPath 1.0, iliyotoka pamoja na XSLT mwaka 1999, ilikuwa na kazi iitwayo lang(), ambayo hukubali lugha husika pamoja na matawi yake yote: lang('sw') ni kweli kwa maandishi yaliyowekewa alama ya sw-CD. Lakini kazi hiyo hupima lugha ya matini, haipimi lugha ya msomaji. Kwa upande wa msomaji, HTTP/1.1 ya mwaka 1997 ilieleza kichwa cha Accept-Language, ambamo kivinjari hutaja lugha zinazopendelewa na uzito wa kila moja. Ulinganishaji wake, hata hivyo, ulikwenda upande mmoja: aliyeomba sw aliweza kupewa matini ya sw-CD, lakini aliyeomba sw-CD hakuhesabiwa kuwa ameomba sw. Ndipo mwaka 2006 waraka wa RFC 4647 ulipoeleza njia ya kutafuta kwa kupunguza: alama hukatwa kutoka mwisho, sw-CD ikawa sw, na jaribio likarudiwa kabla ya kukimbilia lugha ya salio.

Utaratibu huo ni wa busara, lakini hauwezi kuandikwa vizuri kwa kauli ya "kama" iliyo ndani ya kiolezo. Unahitaji kurudia, kukata na kujaribu tena. Hapo ndipo uchaguzi kati ya kauli za sharti unapofikia kikomo chake, na swali linahama kutoka "kauli ipi" hadi "mahali gani".

Kabla ya kufuata uhamaji huo, inafaa kutaja jambo moja la hivi karibuni. Kauli ya zamani ya switch katika PHP, kama ile ya C, ilikuwa na kasoro mbili: mwandishi aliyesahau neno la kusimamisha aliruhusu matawi yafuatayo nayo yatekelezwe, hata ukurasa ukatoa lugha mbili au tatu mfululizo; na thamani isiyotarajiwa ilipita kimya ikiwa hakukuwa na tawi la mwisho. PHP 8.0 ya Novemba 2020 ilileta kauli ya match. Hiyo hulinganisha kwa ukali, hutekeleza tawi moja tu, na isipopata tawi linalolingana, wala tawi la salio, husimamisha programu kwa kosa. Miaka sitini baadaye, PHP ilirudi karibu na alipokuwa McCarthy: asiyetajwa hana thamani, na kutotajwa kwake hujulikana. Kwa mtunza tovuti, ukurasa unaoanguka ni aibu. Lakini aibu huandikwa katika kumbukumbu za seva na kushughulikiwa asubuhi, ilhali msomaji aliyepewa lugha asiyoijua huondoka bila kuacha alama.

Mtu mmoja amevuka, watu watano wamevuka

Sharti la pili linalojirudia katika violezo ni la idadi. Tovuti za Kiingereza zilizoea kuandika nomino, kisha kauli ndogo: kama idadi si moja, ongeza s. Django ina hata kichujio cha kazi hiyo, pluralize. Muundo huo umejengwa juu ya dhana kwamba wingi hukaa mwishoni mwa neno na kwamba sentensi iliyosalia haiguswi.

Kiswahili na Kinyarwanda huikataa dhana hiyo kwa namna moja, kwa kuwa zote ni lugha za Kibantu. Umuntu huwa abantu, mtu huwa watu. Igitabo huwa ibitabo, kitabu huwa vitabu. Badiliko liko mwanzoni, nalo halikai peke yake: kitenzi, kivumishi na hata namba hulifuata. "Mtu mmoja amevuka" na "watu watano wamevuka" zinatofautiana katika kila neno. Sharti lililobandikwa kwenye nomino pekee halina pa kushika. Lazima liizunguke sentensi yote. Na kwa kuwa ngeli ni nyingi, mwandishi anayejaribu kuunganisha vipande, idadi hapa, jina la bidhaa pale, hutoa "gunia tatu limepita", au kitu kibaya zaidi.

Jibu lilitoka nje ya violezo. GNU gettext iliweka kanuni ya wingi katika faili la tafsiri, si katika ukurasa: faili la Kiswahili hueleza kwamba lina maumbo mawili na ni idadi gani inayopata umbo lipi, na mfasiri huandika sentensi mbili kamili. Mkusanyo wa Unicode wa data za lugha, CLDR, uliendeleza wazo hilo kwa kutaja makundi hadi sita. Kiarabu huyatumia yote, Kiswahili hutumia mawili. Kundi moja, lile la "nyingine", ni la lazima kwa kila lugha. Hapa salio limewekwa kwa mpango, na mtu anayeijua lugha ndiye anayeandika yaliyomo. Hiyo ni tofauti kubwa na salio la mwandishi wa kiolezo.

Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, ulifanya kazi katika utaratibu wa aina hiyo: wafasiri walipewa faili la sentensi bila kulazimika kuigusa programu yenyewe. Umuhimu wa jambo hilo kwa Kiswahili haujaandikwa vya kutosha. Mgawanyo wa kazi kati ya anayeandika sharti na anayeandika lugha ndio uliowezesha walimu na wanaisimu kuingia katika ujanibishaji.

Violezo visivyo na mantiki

Kulikuwa na waliotaka kwenda mbali zaidi. Terence Parr, katika makala aliyoiwasilisha mwaka 2004, alitetea utengano mkali: kiolezo kisiruhusiwe kulinganisha thamani wala kukokotoa, kiulize tu iwapo kitu kipo. Mustache, iliyotoka mwaka 2009, ilijitangaza kuwa haina mantiki. Sehemu ya ukurasa huonekana ikiwa kuna data yake, na sehemu ya kinyume huonekana ikiwa hakuna. Mwaka uliofuata Handlebars ilirudisha if, else na unless, kwani watumiaji walikuwa wamezikumbuka.

Mjadala huo umeelezwa mara nyingi kuwa wa usafi dhidi ya urahisi. Maelezo hayo hayatoshelezi. Kiolezo cha Mustache kinapoambiwa "onyesha matini iliyopo", kuna programu nyingine nyuma yake iliyoamua matini ipi iwepo. Sharti limehama kutoka mahali ambapo mbunifu wa ukurasa angeliona hadi mahali ambapo mtunga programu peke yake hulisoma. Kama programu hiyo inafuata RFC 4647, msomaji wa sw-CD amepata faida. Kama imeandikwa kwa "la sivyo" ile ile ya zamani, hali yake imekuwa mbaya zaidi, kwa sababu sasa hata anayekagua kiolezo hawezi kuiona kasoro.

Usiku wa tarehe 22 Mei 2021 mlima Nyiragongo ulilipuka, na maelfu ya wakazi wa Goma wakavuka kuingia Gisenyi kwa miguu. Katika saa za namna hiyo watu hutafuta habari kwa simu: kizuizi kipi kiko wazi, maji yako wapi, ni salama kurudi lini. Wengi wao huzungumza Kiswahili, lakini simu zao huenda zimewekwa katika Kifaransa, kwa kuwa Kifaransa ndiyo lugha ya shule na ya ofisi upande wa Kongo. Kivinjari huripoti mpangilio wa simu. Hakijui lugha ambayo mwenye simu humwitia mtoto wake gizani. Hakuna kauli ya sharti inayoweza kulirekebisha hilo ikiwa imejengwa juu ya thamani moja.

Katika mifumo iliyotajwa hapa, ule unaoikaribia zaidi hali ya Gisenyi ni wa zamani na hauna fahari. Katika gettext, mtumiaji anaweza kuweka orodha katika kigeu cha LANGUAGE, kwa mfano sw:rw:fr, na programu itatafuta kila sentensi kwa mpangilio huo: isipoipata kwa Kiswahili, itaichukua kwa Kinyarwanda, kisha kwa Kifaransa. Ukurasa unaweza kutoka na lugha mbili zilizochanganyika, jambo linalowaudhi wahariri. Mchuuzi anayepita Petite Barrière na ndizi kichwani, anayeomba bei kwa Kiswahili, anayehesabu kwa Kinyarwanda na kusaini fomu ya Kifaransa, angeusoma bila kusita. Orodha hiyo haina tawi la "la sivyo" lililoandikwa na mtu wa mbali. Nafasi ya mwisho ndani yake, kama nafasi ya kwanza, imejazwa na yeye mwenyewe.